Kutabiri mechi kuna mchezo na kuna kamari

Kama umewahi kupita Kagio ukitoka Sagana kuelekea Kerugoya, bila shaka unalijua soko lile: malori yamejipanga kando ya barabara, nyanya zimejazwa kwenye kreti, vitunguu viko kwenye neti, na wachukuzi wanapiga mayowe wapishwe njia. Hapo ndipo mama mmoja muuza nyanya aliponiuliza swali lililozaa makala ya leo. Mwanawe yuko chuoni, mwaka wa pili. Katika likizo alimsikia akiwaambia wenzake kwamba mechi tisa zimeingia, moja tu ndiyo iliyomchoma.

"Mwanangu," mama akaniuliza huku akipangusa nyanya kwa kitambaa, "mtu akipata tisa kwa kumi si huyo amepita mtihani? Mbona hakulipwa hata senti?"

Ni swali zuri, na nadhani wazazi wengi wa mijini wangependa kuliuliza ila wanaona haya mbele ya watoto wao. Simu imeleta nyumbani michezo ambayo baba na mama hawakuikuta, nayo ina msamiati wake: odi, beti, jakipoti, multibeti. Kijana akiulizwa anafanya nini na simu usiku wa manane, hujibu kwamba anatabiri mechi. Jibu hilo laweza kuwa la kweli na bado lisikwambie lolote, kwa kuwa kutabiri mechi ni mambo mawili tofauti yanayovaa jezi moja.

La kwanza ni ligi ya utabiri. Humu watu hushindana kwa pointi. Kabla ya mpira kuanza, kila mmoja huandika matokeo anayoyatarajia. Mechi ikiisha, hesabu hufanywa. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba anayepatia mabao kamili hupewa pointi 3, anayepatia mshindi tu bila mabao hupewa 1, na aliyekosa vyote hapati kitu. Chukua mechi ambayo mashabiki wetu wa kandanda hawajaisahau: Julai 13, 2017 katika uwanja wa taifa jijini Dar es Salaam, Everton ya Uingereza ilipocheza na Gor Mahia. Wayne Rooney alifunga, Jacques Tuyisenge akasawazisha, na mwishowe Everton wakaondoka na ushindi wa 2-1. Aliyekuwa ameandika 2-1 angechukua pointi 3. Aliyeandika 3-0 kwa Everton angechukua 1. Na shabiki wa K'Ogalo aliyeandika 1-0 kwa Gor Mahia angetoka mikono mitupu, ingawa moyoni angekuwa na sababu zake.

Ndugu wa karibu wa ligi hiyo ni Fantasy Premier League, ambao huendeshwa na Ligi Kuu ya Uingereza yenyewe na hauna kiingilio. Huko hutabiri mabao ya mechi, bali unakuwa kama kocha. Unapewa pauni milioni 100 za kubuni, unanunua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Huruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja, kwa hiyo usidhani utaijaza Arsenal nzima. Kila wanachofanya uwanjani siku ile hugeuka pointi zako. Mshambuliaji akifunga bao unapata 4, kiungo 5, beki 6. Pasi iliyozaa bao ina pointi 3. Nahodha uliyemteua huzidishiwa mara mbili. Ukitaka kubadilisha wachezaji kupita kiasi unachoruhusiwa juma hilo, kila badiliko la ziada hukupokonya pointi 4. Mamilioni ya watu duniani hucheza, na wengi huunda ligi ndogo ndogo za marafiki au watu wa ofisi moja. Mwanafunzi anayecheza mchezo huu kwa makini hujifunza kupanga bajeti, kusoma takwimu na kuvumilia. Hasara yake kubwa ni usingizi na vitabu, na hiyo ni hasara mzazi anayoweza kuizungumzia bila kupandisha sauti.

Lakini nionye kidogo hapa. Kuna ligi hizo hizo za marafiki ambamo kila mmoja hutoa fedha mwanzoni mwa msimu, na kikapu chote humwendea mshindi. Siku fedha zilipoingia kikapuni, mchezo ulihama nyumba.

Hilo ndilo jambo la pili: kubeti. Si geni kama tunavyodhani. Uingereza walianza zamani kujaza karatasi za utabiri wa soka na kuzituma kwa posta. Kampuni ya Littlewoods ya John Moores ilianza kazi hiyo mwaka 1923. Hapa kwetu sheria ya kamari ilitungwa mwaka 1966. Kilichobadilika ni mwendo. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, pesa zilipata miguu. Na SportPesa ilipoanza mwaka 2014, zikafuatwa na wengine wengi, ikawa kijana hahitaji kutoka chumbani. Zamani mcheza karata tatu, ule mchezo wa pata potea, alikungoja stendi ya matatu, nawe ungeweza kupita upande wa pili wa barabara. Huyu wa sasa unalala naye chini ya mto.

Sasa tumjibu mama wa Kagio, na kwa ajili hiyo hatuna budi kufanya hesabu. Usiogope, ni za darasa la saba.

Odi ni nambari ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda. Ukiweka Sh100 kwa odi ya 2.10 na timu yako ikashinda, utalipwa Sh210, zikiwemo Sh100 zako za awali. Tuseme mechi imepangiwa hivi: nyumbani kushinda 2.10, sare 3.30, ugenini kushinda 3.40. Jaribu kuwa mjanja na ubeti yote matatu ili upate Sh100 haidhuru mpira umalizike vipi. Utahitaji kuweka Sh47.60 kwa nyumbani, Sh30.30 kwa sare na Sh29.40 kwa ugenini. Jumlisha. Umetoa Sh107.30 ili upewe Sh100. Hizo Sh7.30 ndizo unga wa kampuni, na zimetiwa ndani ya odi kabla refa hajapuliza kipenga. Hakuna wizi hapo. Ni faida ya mwenye duka. Ila tofauti na dukani, hapa bei haikuandikwa.

Kwa hivyo anayebeti mechi moja moja kwa odi kama hizo hurudishiwa, kwa wastani, kama Sh93 kwa kila Sh100. Hupoteza polepole. Na upole huo ndio unaowachosha vijana. Wanataka kitu kikubwa na cha haraka, na hapo ndipo inapoingia ile wanayoiita multibeti. Majirani zetu wa Tanzania huiita mkeka, jina zuri kuliko letu, maana mkeka husukwa ukindu kwa ukindu. Unachagua mechi ya kwanza, unaiunganisha na ya pili, na ya tatu, hadi kumi au zaidi, zote katika tikiti moja na dau moja. Odi zake huzidishwa. Mechi 10 zenye odi ya 1.90 kila moja hukupa jumla ya odi 613. Dau la Sh50, bei ya chapati mbili na chai, laweza kuleta zaidi ya Sh30,600. Nani asingetazama mara mbili?

Kuzidisha, hata hivyo, ni panga lenye makali pande zote. Tuseme mechi hizo 10 ni sawa na kurusha sarafu, kila moja nusu kwa nusu. Njia ambazo sarafu 10 zinaweza kuanguka ni 1,024, na yako ni moja tu kati ya hizo. Malipo ya haki yangekuwa mara 1,024 ya dau, yaani Sh51,200. Kampuni inakupa Sh30,655. Unga uleule mdogo wa mechi moja, ukizidishwa mara 10, umekuwa gunia. Ukirudi kwenye ule mfano wetu wa odi tatu, anayebeti mechi moja hurudishiwa wastani wa Sh93 kwa Sh100, anayesuka mkeka wa mechi 5 hurudishiwa kama Sh70, na wa mechi 10 kama Sh49. Sasa unaelewa kwa nini kampuni hizi hutangaza bonasi kwa wanaounganisha mechi nyingi. Muuza duka hakuhimizi kununua bidhaa isiyomletea faida.

Hapo kijana atakukatiza. Atasema, la hasha, mimi sichagui mechi za nusu kwa nusu, mimi huchukua timu kubwa tu, zile za uhakika. Mwache aseme, kisha mpe hesabu hii. Tuseme kila timu aliyochagua ni kubwa kweli kweli, kiasi kwamba ikicheza mara 10 hushinda mara 8. Uwezekano wa zote 10 kushinda katika tikiti moja ni 0.8 ikizidishwa yenyewe mara 10, na jibu ni takriban asilimia 10.7. Maana yake mkeka wa timu za uhakika huchanika karibu mara 9 katika kila mara 10. Na kwa kuwa timu kubwa hupewa odi ndogo, tuseme 1.20, siku ule mmoja utakapopona utalipwa Sh619 kwa Sh100, baada ya kuwa umekwisha kutoa mia karibu tisa nyingine.

Mpira wenyewe hutoa ushahidi. Novemba 22, 2022 katika Kombe la Dunia nchini Qatar, Saudi Arabia iliifunga Argentina 2-1. Kesho yake Japan ikaifunga Ujerumani 2-1. Argentina hao hao ndio waliobeba kombe mwezi uliofuata, kwa hiyo aliyewaamini hakuwa mjinga. Na hapa nyumbani, Agosti 10, 2025 katika uwanja wa Kasarani, Harambee Stars wakiwa pungufu ya mchezaji mmoja waliilaza Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam katika mashindano ya CHAN. Morocco walikuja kuwa mabingwa. Tulisherehekea nchi nzima, lakini yeyote aliyekuwa ameiweka Morocco kama ukindu mmoja wa mkeka wake aliuona ukifumuka huku majirani wakipiga vigelegele.

Basi mama, tisa kwa kumi si sawa na mtihani kwa sababu mtihani hujumlisha na mkeka huzidisha. Kwenye mtihani, swali ulilokosa hukunyima alama zake tu. Kwenye mkeka, mechi uliyokosa ni sufuri, na nambari yoyote ukiizidisha kwa sufuri, jibu walijua hata watoto wa shule ya msingi. Tena hizo tisa zilizoingia hazikuwa karibu na ushindi kama zinavyoonekana. Kwa mkeka wa timu kubwa tuliouhesabu, kukosa mechi moja tu au mbili ndiyo hali ya kawaida kabisa. Lakini moyo wa binadamu hausomi hivyo. Humwambia kijana kwamba ameponyokwa chupuchupu, na kwamba Jumamosi ijayo ni zamu yake. Mimi naona hapo ndipo hatari kubwa ilipo, kuliko hata kwenye pesa. Mtu aliyepoteza vibaya huacha. Aliyekosa kidogo hurudi.

Jakipoti ni mkeka uliokuzwa. Ni kweli wapo walioshinda, nasi sote tuliwaona magazetini: Samuel Abisai alipata Sh221 milioni Mei 2017 kwa kupatia mechi 17, na Cosmas Korir akapata Sh208 milioni mwaka 2018. Sitaki kumnyang'anya mtu riziki yake. Nataka tu uione idadi ya njia. Kila mechi ina matokeo matatu; mechi 17 zina njia 129,140,163. Sensa ya mwaka 2019 ilitukuta Wakenya milioni 47.6. Kama kila Mkenya, pamoja na mtoto mchanga aliye mgongoni, angejaza tikiti mbili tofauti, bado zingesalia njia kama milioni 34 ambazo hazijaguswa na mtu. Anayeijua soka vizuri huweza kuzipunguza, maana si kila njia ina uzito sawa, lakini hazipunguzi hadi zikatosha kiganjani.

Jambo jingine ambalo wanafunzi hasa wanapaswa kulisikia ni la wale wauzaji wa utabiri. Wamejaa kwenye WhatsApp na Telegram. Hudai wana mechi zilizopangwa, na huonyesha rekodi ya kupatia mara tano mfululizo. Rekodi hiyo yaweza kuwa ya kweli, na hivi ndivyo inavyotengenezwa. Mtu mmoja ana nambari 800 za simu. Watu 400 huwaambia mechi ya leo itakuwa na mabao matatu au zaidi. 400 wengine huwaambia mabao hayatafika matatu. Mechi ikiisha, huwaacha wale aliowakosea na kuwagawa waliobaki: 200 hivi, 200 vile. Kisha 100. Kisha 50. Baada ya mechi 5 wamesalia watu 25 ambao wameona kwa macho yao nabii asiyekosea hata mara moja. Hao ndio anaowaomba ada. Mwenye karata tatu wa stendi angalau alikuwa na wepesi wa vidole. Huyu hahitaji hata kujua sheria ya kuotea.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kamari kwa madai ya kodi, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Kumbe mchezaji alihamia tu duka la jirani. Agosti 2025 ilitiwa saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya ya kusimamia biashara hii. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti. Mwanao wa kidato cha tatu anayetumia laini ya simu ya kaka yake au yako wewe mzazi yumo katika kosa, nawe umemkopesha kitambulisho.

Mkulima mmoja aliyekuwa akisikiliza mazungumzo yetu pale sokoni alidakia kwamba hata nyanya ni kamari: unapanda bei ikiwa juu, unavuna bei imeanguka, mvua inakuletea ukungu. Ana haki. Wakulima wa Kirinyaga hubeti na mvua kila msimu. Tofauti ninayoiona ni kwamba shamba halikuwekewa odi na mtu ambaye lazima ule hasara ndipo naye ale, na nyanya zikikosa soko bado zapikwa.

Sasa, mzazi afanye nini? Kumpokonya kijana simu hakusaidii, hasa kijana wa chuo ambaye masomo yake yako humo humo. Kumwambia kamari ni dhambi kunasaidia wachache. Mimi napendekeza karatasi na kalamu. Mwombe, kwa upole na bila mashahidi, achukue taarifa yake ya M-Pesa ya miezi mitatu. Hupatikana kwa kubonyeza *334#. Achore mistari miwili. Upande wa kushoto aandike kila shilingi iliyokwenda kwa kampuni ya kamari, hata zile ishirini ishirini. Upande wa kulia aandike zilizorudi. Wengi hukumbuka upande wa kulia peke yake, kwa sababu siku ya kushinda ina jina na siku za kupoteza hazina.

Asiandike makisio. Aandike kilichochapishwa. Kama alikopa kwa simu ili abeti, riba ya mkopo huo nayo iende kushoto. Kama alitumia sehemu ya karo au ya mkopo wa HELB, aweke alama ya nyota kando yake, halafu ajumlishe zenye nyota peke yake. Usimsimamie begani anapohesabu. Toka nje, kateke maji au kapike chai, umwache na nambari zake.

Na yule kijana ambaye hajaanza kubeti lakini anaipenda soka, mfungulie ligi ya nyumbani. Bandikeni karatasi ukutani jikoni, majina juu, mechi 6 za wikendi kando, utabiri uandikwe kwa wino kabla ya saa sita mchana siku ya Jumamosi na usifutwe. Pointi 3 kwa mabao kamili, 1 kwa mshindi. Mkilingana mwisho wa mwezi, aliyepatia sare nyingi ndiye mshindi, maana sare ndiyo ngumu kuliko yote kutabiri. Mshindi hachukui fedha. Huchagua chakula cha Jumapili, na wa mwisho huosha vyombo.